Kusomewa I Ching kwa mwalimu mstaafu, Sakina Arusha: hatimaye nimeelewa mistari inayobadilika

Naandika hii maana mimi mwenyewe nilitafuta sana mtu wa kunielewesha I Ching, kile kitabu cha kale cha Wachina cha kuulizia mambo kwa kurusha sarafu, kwa kiswahili nikakosa, nikaishia kumaliza bando kwenye apu moja iliyonitia hofu ya bure karibu mwezi mzima, na najua kuna wenzangu Moshi na Arusha wamekwama pale pale nilipokwama mimi, kwenye ile mistari inayobadilika. Huduma ninayoizungumzia ni ya mwalimu mmoja mstaafu wa hisabati, anakaa Sakina, ukitokea mjini Arusha ni ile barabara ya kwenda Namanga. Hana kibao, hajitangazi, anapokea watu wa kuletwa na watu, na jina lake silitaji kwa sababu ameomba hivyo. Mimi nilielekezwa na mteja wangu aliyekuja kuchukua gauni akanikuta nimeshika shavu, akaniuliza kulikoni, nikamwambia.

Bei niiseme mapema ili mtu asiumize kichwa: elfu ishirini, unalipa ukishamaliza, na hakuna kuongezewa eti swali lako ni gumu. Mimi nilikaa naye masaa matatu na chai ya maziwa nikaletewa na mke wake.

Sasa habari yenyewe. Mimi ni fundi nguo, nina fremu Majengo hapa Moshi, cherehani mbili na ovaloki moja, mwaka wa tisa huu. Tangu mwaka jana wateja wamepungua, kodi ya fremu imepanda, na mdogo wangu anayekaa Njiro kila tukiongea ananiambia dada njoo Arusha huku, wageni wapo, hela ipo, unang'ang'ania nini Moshi. Yeye ndo alinipa hiyo apu. Unabonyeza, sarafu zinazunguka kwenye skrini, picha ya mistari sita inatokea, wenyewe wanaiita heksagramu, ziko 64. Nikauliza nihamie Arusha au nisihamie, ikanitolea picha namba 19, Lin, maana yake kukaribia, halafu mistari mitano kati ya sita ikawa nyekundu yaani inabadilika, halafu chini ikaja picha ya pili, namba 53, Jian, kwenda taratibu.

Na maneno sasa. Jamani maneno! Ilimwaga maelezo ya mistari yote mitano kwa mkupuo, wa kwanza heri, wa pili heri, wa tatu hakuna faida yoyote, wa tano unamfaa mtawala mkubwa, wa sita heri tena. Juu yake ikaweka kauli ya picha ya kwanza inayosema ukifika mwezi wa nane utakuja ubaya, na chini kabisa ikaweka kauli ya picha ya pili, binti anaolewa, heri, na kichwa cha habari kikubwa eti haya ndiyo matokeo yako. Ilikua mwezi wa sita mwishoni. Binti yangu yuko kidato cha tatu. Nilikosa raha, kila nikimuona anaongea na simu moyo unashtuka, na huo mwezi wa nane nauona unakuja na sijui nijifiche wapi. Nilirudia kuuliza ili nipate jibu jingine, nikapata, na lenyewe likanichanganya zaidi.

Basi Jumamosi moja ya mwezi wa saba nikapanda Coaster asubuhi, saa nne na nusu niko Sakina. Chumba chake cha kazi ni cha uani, meza, rafu ya vitabu, ubao mdogo wa chaki, benchi. Nikamwamkia, "Shikamoo mwalimu," "Marahaba mama, karibu, keti hapo upate hewa." Nikampa simu aone picha ya skrini. Maneno hata hakuyasoma. Alihesabu mistari kwa ncha ya kalamu, akanitazama, akasema, "Hili swali umeliuliza mara ngapi?" Nikamwambia ukweli, mara nne.

Akafungua kitabu picha namba 4, Meng, akanitafsiria pale pale: anayeuliza mara ya kwanza namjibu, akirudia mara ya pili na ya tatu anasumbua, na anayesumbua simjibu. Akasema haya mama, leo kuhama hatuulizi tena, tutasoma vizuri hii uliyokuja nayo kwa sababu ndo ya kwanza, halafu utauliza kitu kingine ambacho kweli hukijui. Hapo nikajua nimefika kwa mtu. Angetaka hela angenirushia sarafu nyingine tu nikaondoka.

Alianzia chini kabisa kama nafundishwa darasa la kwanza na nashukuru alifanya hivyo. Akatoa sarafu tatu za mia mbili. Upande wa Karume unahesabu tatu, upande wa simba unahesabu mbili, unarusha zote tatu pamoja unajumlisha, lazima upate sita, saba, nane au tisa, hakuna namba nyingine hapo. Saba ni mstari mzima uliotulia, nane ni mstari uliokatika katikati na wenyewe umetulia. Tisa ni mstari mzima ila umezeeka, yang, yaani ile nguvu ya mstari mzima, imejaa mpaka imefika mwisho wake kwa hiyo inageuka kuwa yin, ile ya mstari uliokatika. Sita ni uliokatika, nao umezeeka, unageuka kuwa mzima. Unarusha mara sita, na unaandika kutoka chini kwenda juu, kama fundi anavyopandisha ukuta. Mimi siku zote nilikua nasoma kutoka juu, kwa hiyo hata ule mstari niliodhani ni wa kwanza ulikua wa sita.

Halafu hesabu, maana mwalimu wa hisabati hawezi kuiacha. Sita inatoka mara moja katika nane, tisa mara moja katika nane, kwa hiyo kila mstari una robo ya uwezekano wa kuwa unabadilika, na kwa picha nzima wastani ni mstari mmoja na nusu. Ukirusha mara 100, mara kama 18 hautapata hata mmoja unaobadilika. Mitano kwa wakati mmoja kama ile ya kwangu ni mara 18 kati ya 4096, yaani katika watu elfu ni wanne tu. Na hiyo 4096 ni 64 mara 64, kila picha inaweza kugeuka kuwa picha yoyote au kubaki ilivyo, Wachina wa enzi za Han waliandika kitabu kizima, Jiaoshi Yilin, chenye kauli ya kila badiliko moja moja. Kuna njia nyingine ya vijiti 50 (yeye anatumia vile vya mishikaki), kimoja kinawekwa pembeni, 49 vinagawanywa, mizunguko mitatu kwa kila mstari, jumla 18, na huko uwezekano sio sawa, tisa inatoka mara tatu zaidi ya sita. Siku hiyo hatukutumia, muda wa basi ungenikuta.

Kiini cha yote, na ndo sababu namsifia huyu mzee, ni kwamba ana utaratibu wa kujua mstari upi unaongea na upi unyamaze. Utaratibu wenyewe ni wa Zhu Xi, msomi wa China aliyeishi 1130 mpaka 1200, aliuandika 1186. Kama hakuna mstari unaobadilika unasoma kauli ya picha yenyewe basi. Ukibadilika mmoja unasoma huo mmoja. Ikibadilika miwili unasoma yote miwili ila wa juu ndo mkubwa. Mitatu, unarudi kwenye kauli za picha zote mbili, ya kwanza na ya pili. Minne, unahamia picha ya pili na kusoma ile miwili iliyotulia, wa chini ndo mkubwa. Mitano, unasoma ule mmoja uliotulia, kwenye picha ya pili. Sita yote, unasoma kauli ya picha ya pili, isipokua picha namba 1 na namba 2 ambazo zina kauli yake maalum kwa hali hiyo. Ukiangalia vizuri utaona kuna akili humo ndani: yakibadilika machache sikiliza kinachotembea, yakibadilika mengi sikiliza kilichobaki kimesimama. Na mwalimu hakunificha kuwa Zhu Xi alikuja karibu miaka elfu mbili baada ya kitabu chenyewe, ambacho ni cha enzi za Zhou Magharibi, kwa hiyo ni utaratibu wa msomi mmoja na wapo wasioufuata. Ila ni bora kuwa na utaratibu unaojulikana kabla hujarusha sarafu kuliko kuokota sentensi inayokufurahisha ukishaona majibu.

Hapo akanipa mfano wa mama mmoja wa zamani sana ambao sijausahau mpaka leo. Anaitwa Mu Jiang, mama wa mtawala wa jimbo la Lu, China ya kale. Aliingia kwenye njama dhidi ya utawala, akashindwa, akafungiwa kwenye kasri ya mashariki. Alipokua anaingia humo wakamwangalizia, ikatoka picha namba 52, Gen, mlima, kutulia, inageuka kuwa namba 17, Sui, kufuata. Mistari mitano imebadilika, umetulia mmoja tu, wa pili, sawa sawa na ya kwangu kwa hesabu. Mwaguzi akamwambia mama usijali, Sui ni kutoka, utatoka humu upesi. Mu Jiang akamkatalia. Akasema kauli ya Sui ni nzuri kwa mtu mwenye zile sifa nne zinazotajwa humo, mimi sina hata moja, nimefanya mabaya, nitafia humu sitoki. Na akafia humo kweli, Zuozhuan, kitabu cha kale cha historia ya Wachina, kimeandika kifo chake mwaka 564 kabla ya Kristo. Zhu Xi baadae alisema yule mwaguzi alisoma vibaya, alikimbilia kauli nzuri ya picha ya pili wakati alitakiwa kusoma mstari wa pili uliotulia, na huo unasema ukishikamana na kijana mdogo utampoteza mtu mzima. Mwalimu akanyamaza kidogo kisha akasema, "Mama, apu yako imekufanyia alichofanya yule mwaguzi, imekubandikia kauli ya picha ya pili ikaiita matokeo."

Kwa hiyo tukasoma ya kwangu upya. Mistari mitano imebadilika, uliotulia ni wa nne, kwa hiyo unaenda picha ya 53 mstari wa nne peke yake. Mwezi wa nane nje. Binti anaolewa nje. Kilichobaki ni hiki: bata bukini wa porini anasogea taratibu mpaka kwenye mti, huenda akapata tawi bapa, hakuna lawama. Akanichorea mguu wa bata ubaoni, ule wenye ngozi katikati ya vidole, akasema huyu hawezi kushika tawi la mviringo kama kunguru, mti sio mahali pake pa asili, lakini akitafuta tawi lililolala anaweza kutua akapumzika. Hakuniambia nihame wala nisihame. Akasema tu hapo swali lako liliuliza juu ya mti, jibu likaongelea mguu. Nililia kidogo, sio kwa huzuni, ni ule mzigo wa mwezi mzima kuhusu mwanangu kushuka ghafla.

Baada ya chai ndo nikauliza la kwangu jipya. Alinikatalia maswali mawili, la kwanza lilikua la ndio au hapana, la pili nilitaka kujua kama kuna fundi mwenzangu ananifanyia kitu. Hilo alikataa kwa ukali kidogo, akasema, "Mimi sipigi ramli, na ramli chonganishi hata usiitaje humu ndani." Nakubaliana naye kabisa. Ila alinieleza kitu sikuwahi kukijua, kwamba hata ramli ya mchanga ya waarabu iliyofika pwani yetu inatumia picha za nukta moja na nukta mbili, witiri na shufwa, mistari minne, kwa hiyo picha 16, wakati hii ya Wachina ina mistari sita ndo maana 64. Mbili mara mbili mara mbili, hesabu ni ile ile. Mwishowe swali likawa hivi: kazi yangu ya ushonaji imekwama wapi?

Nikarusha. Mara ya kwanza simba, simba, simba. Sita. Akaandika chini kabisa ya ukurasa wa daftari la mraba mstari uliokatika na katikati akaweka alama ya mkasi. Ikaja saba, saba, nane, saba, nane. Picha namba 48, Jing, kisima, mistari mitatu ya chini ni mti, mitatu ya juu ni maji, na ule mstari wa chini ukigeuka unapata namba 5, Xu, kusubiri.

Kauli ya kisima inasema mji waweza kuhamishwa, kisima hakihamishwi, hakipungui wala hakizidi, watu wanakuja na kuondoka wakichota, ila kamba ikikaribia kufika na mtungi ukavunjika hiyo ni balaa. Nilisisimka mwili. Sikuwa nimeuliza kuhama na hapo hapo maneno ya kuhama mji yamekuja yenyewe. Nikaanza kusema kumbe nisihame, mwalimu akanyanyua mkono. "Bado. Umebadilika mstari mmoja, huo ndo unaongea. Hiyo kauli ni nyumba, mstari ndo mwenye nyumba." Mstari wa kwanza wa kisima: kisima kina tope, hakinyweki, kisima kikuukuu hata ndege hawaji.

Akaniuliza taratibu, "Tope la kazi yako ni nini mama?"

Sikuhitaji kufikiria. Chini ya meza yangu ya kukatia kuna viroba viwili vya vitambaa vya watu. Vitenge vilivyoletwa kabla ya Pasaka, sare za shule, suti ya mama mmoja wa Rau ambayo nimemwambia njoo Ijumaa mara tano. Nachukua oda mpya kwa sababu nahitaji hela ya kodi, za zamani zinazama chini, mwenye nguo anakuja mara mbili tatu akichoka harudi, na hata akirudi anachukua kitambaa chake anapeleka kwingine. Mimi nilikua nasema wateja wamepungua Moshi. Nilimwambia mwalimu yote hayo na sauti inatetemeka.

Alinipitisha mistari mingine ya kisima japo haikuwa ya kwangu, ili nione ngazi yenyewe inavyopanda: wa pili mtungi umepasuka unavuja, wa tatu kisima kimeshasafishwa ila watu hawajaja kunywa na inauma moyoni, wa nne kinajengewa, wa tano maji ya baridi safi yananyweka, wa sita kinachotwa na hakifunikwi. Huo wa tatu nauandika hapa kwa mafundi wenzangu, maana unaweza kusafisha kila kitu na bado watu wasijue, kwa hiyo usikate tamaa wiki ya kwanza.

Sasa nije kwenye picha ya pili, maana hapa ndo watu wengi wanapotea na mimi nilipotea. Nilimuuliza, hii namba 5 ya kusubiri si ndo mwisho wangu, nisubiri? Akasema kwenye Zuozhuan, kile kitabu chenye habari ya Mu Jiang, mstari haukuwa unaitwa kwa namba, ulikua unaitwa kwa jina la picha inayopatikana ukigeuka. Wakitaka kusema mstari wa nne wa Guan, picha namba 20, wanasema Guan kwenda Pi, kwa sababu huo ukigeuka unapata Pi, namba 12. Akanipa mfano wa hapa hapa: Old Moshi Road iko wapi? Nikasema Arusha. Akasema mtu akikuambia anakaa Old Moshi Road unamfuata Moshi? Hapana, iko hapa Arusha, imebeba tu jina la inakoelekea. Basi kisima kwenda kusubiri ni mahali ndani ya kisima, sio safari ya kufika kusubiri. Jamani huu mfano peke yake unatosha elfu ishirini.

Hata hivyo hapa sikukubaliana naye yote na nilimwambia. Yeye mstari ukiwa mmoja picha ya pili anaifunga kabisa. Mimi naona ilinisaidia, kwa sababu ukiziweka pembeni pembeni utaona maji yamebaki juu pale pale, kilichogeuka ni cha chini, mti umekua mbingu, na picha ya kusubiri ni mawingu yamepanda juu ya mbingu na mvua bado. Sisi wa Moshi hiyo tunaijua, mlima unafunikwa mawingu asubuhi nzima na huku chini hakuna tone, na huwezi kuyaita. Kwangu ilimaanisha nitoe tope na nisitegemee wateja kurudi siku hiyo hiyo. Alinisikiliza, akasema hayo ni matumizi yako na si vibaya, ila usiyape nguvu ya kufuta mstari.

Vitabu anavyotumia ni tafsiri ya Richard Wilhelm, ile ya kijerumani ya 1924 iliyotiwa kiingereza na Cary Baynes 1950, na fotokopi ya James Legge ya 1882. Anasoma tafsiri zote mbili, zikitofautiana anakuambia zimetofautiana, halafu anakupa kiswahili. Kiswahili chake ni kizuri mno.

Mapungufu yapo. Hafanyi kwa simu wala kwa meseji, kwa hiyo sisi wa Moshi ni siku nzima na nauli kwenda na kurudi, na mimi siku ya Jumamosi ndo siku ya hela. Benchi halina egemeo na masaa matatu mgongo unauma. Akigusa habari za Leibniz, yule Mjerumani wa hesabu za sifuri na moja aliyeandika mwaka 1703 kwamba mistari hii inafanana na hesabu zake, hapo anasahau kama una basi, nusu saa nzima tulikua huko, mstari mzima moja, uliokatika sifuri, ukurasa mzima. Vizuri kujua ila mimi nilikua na shida zangu moyoni. Na haruhusu kurekodi sauti, ningependa abadilishe hilo kwa sababu maneno ni mengi, ingawa karatasi ya utaratibu wa Zhu Xi kaiandika kwa mkono kwa kiswahili na anakupa fotokopi bure, yangu nimeibandika ukutani karibu na pasi.

Ukienda, andika swali lako nyumbani kabla. Kama umeshauliza kwenye apu usifiche, mpelekee ile ya kwanza. Na usiende na swali la nani kaniibia au mume wangu yuko na nani, atakurudisha na chai yako hujamaliza.

Mimi nampa nne na nusu kati ya tano, hiyo nusu ni ya kurekodi na benchi.

Viroba nilivimwaga sakafuni Jumapili ile ile nikahesabu, oda 23. Nimeweka utaratibu wa kutopokea kitambaa kipya mpaka mbili za zamani zitoke. Zimetoka 17 mpaka leo. Mwezi wa nane umepita, binti yangu yupo shule. Suti ya mama wa Rau niliimaliza Alhamisi usiku, nikampelekea mwenyewe nyumbani kwake nikamuomba radhi mlangoni, akaijaribu hapo hapo, mikono ilikua mirefu kidogo nikaipinda kwa sindano nimekaa kwenye ngazi yake huku akinimulikia na simu. Bado sita, na moja kati ya hizo mwenyewe simjui kabisa, kitenge cha bluu chenye samaki, kimefungwa kwa uzi mwekundu, hakina jina wala namba. Kama ni chako njoo Majengo, nimeshakikata kwa kipimo kilichokua kimebanwa na pini, nakusubiri.